Tangi Lililotazama Barabara

Keti kidogo, wewe unayesoma, nikueleze harufu ya maharagwe yanayoungua kwa kukosa maji. Ni harufu chungu, hushika kwenye sare na haitoki kwa kufuliwa mara moja. Mwaka niliokuwa Darasa la Nne, ukame uliikausha Voi na mifereji ya mtaa wetu wa Kaloleni ikawa inatoa upepo tu. Kila mtoto alitakiwa kuja shuleni na mtungi wa lita tano, na mpishi wetu, Mama Wakesho, aliyamimina maji hayo kwenye sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Sheria ilikuwa fupi: asiyeleta maji hali. Nyumbani tulikuwa watoto sita wenye mtungi mmoja. Siku nyingi nililaza kichwa juu ya dawati nikisikiliza wenzangu wakikwangua sahani.

Basi kanisa moja la mjini likatuletea tangi. Hapa nitaenda polepole, maana ujinga wa watu waliovaa tai huhitaji kuelezwa vizuri. Tangi la maji ya mvua hukaa chini ya paa. Paa hukusanya maji, gata huyapeleka, tangi huyapokea. Hata mimi nilijua. Lakini mwenyekiti wa maendeleo wa kanisa hilo aliamuru liwekwe langoni, kando ya barabara, kwa sababu jina la kanisa lilikuwa limechorwa ubavuni kwa herufi kubwa kuliko kichwa changu, na wapita njia walipaswa kulisoma. Langoni hapakuwa na paa, hata la kibanda. Siku ya uzinduzi tulisimamishwa juani tangu asubuhi tukifanya mazoezi ya wimbo wa shukrani. Wageni wakakata utepe, wakapigwa picha, wakanywa soda ofisini. Mwalimu mkuu alipiga makofi tu, akihofia kuonekana hana shukrani.

Mama Wakesho peke yake ndiye aliyeuliza. “Mwenyekiti, hili mmelitegea mvua ya wapi? Ya Taveta?”

“Mama, wewe pika. Mambo ya maendeleo tuachie sisi.”

Tangi likakaa pale likiwa kavu, safi, linasomeka vizuri sana. Sisi tulilipita kila asubuhi tukiwa na mitungi yetu kichwani.

Katika kanisa hilohilo alikuwamo Mama Mghoi, muuza mandazi. Jumatatu moja alikuja shuleni mikono mitupu, akaketi jikoni, akaanza kuchambua maharagwe. “Dada, unakosa nini?” akauliza.

“Nakosa maji,” Mama Wakesho akacheka, “na tangi ninalo.”

Akarudi Jumatatu iliyofuata, na nyingine. Alijua majina yetu. Siku moja aliniona dirishani nimelala juu ya dawati. “Na huyu, nyumbani kwao hakulaliki?”

“Huyo hana mtungi leo.”

Jumapili Mama Mghoi aliiomba kamati ya kanisa ruhusa ya kulihamisha tangi. Wakalijadili Jumapili tatu mfululizo, huku mawingu yakianza kukaa juu ya vilima vya Sagalla. Hakungoja ya nne. Jumamosi alikuja na akina mama wa kwaya, na kwa kuwa tangi tupu ni jepesi, walilibiringisha uwanjani kama gurudumu, wakicheka hadi leso zikawaanguka. Wakalisimamisha juu ya mawe chini ya paa la jikoni, na fundi, mume wa mmoja wao, akafunga gata. Jina likaangukia upande wa ukutani.

Jumatatu Mwenyekiti alifika jikoni amenuna. “Sasa jina halionekani.”

“Mungu anaona mpaka ukutani, Mwenyekiti,” Mama Mghoi akamjibu, bila kuacha kuchambua.

Mvua ilinyesha wiki hiyo. Mitungi ikabaki nyumbani, nami nikala githeri yenye mchuzi, siku tano kati ya tano.

Leo nami ni mwanakamati wa kanisa hapa Voi. Mwezi uliopita tulijadili namna ya kuisaidia shule jirani, na kabla ya yeyote kukanyaga huko, mtu alishaleta sampuli ya vibandiko vyenye jina letu vya kubandikwa kwenye madawati. Vilikuwa vya rangi nzuri. Nilivitazama, nikasikia harufu ya maharagwe yanayoungua. Kama nawe umo katika kamati ya aina hii, usikate tamaa, kazi yenyewe si ngumu. Jumatatu hii nenda shule iliyo karibu na kanisa lako, mikono mitupu. Pitia jikoni, umuulize mpishi anakosa nini, na Jumatatu inayofuata urudi.