Aliyekosea namba leo saa nne



Asubuhi nimeitwa kiwanda cha mafuta ya pamba, boila haiwaki. Mota inayopuliza dizeli kwenye tanuru inazunguka kidogo, inakata.

Nikabadilisha kapasita, kile kifaa kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Ikabaki kubonyeza kitufe chekundu cha kuwashia tu.

Kila ukibonyeza, dizeli inaingia hata moto usipowaka. Kwa hiyo nikamuuliza Baba Masanja, mzee anayeendesha boila: "Kabla sijafika ulibonyeza mara ngapi?"

"Mara moja tu."

Bosi wake kasimama hapo hapo.

Kidole changu kiko kwenye kitufe. Simu ya bosi ikaita, akatoka nje.

Mzee akaninong'oneza: "Mwanangu, usibonyeze. Mbele ya bosi ningesemaje? Nimebonyeza tangu alfajiri, hata sijui mara ngapi."

Nikafungua mlango wa tanuru. Dizeli imetuama humo kama dimbwi la masika.

Nilikaa sakafuni. Ningebonyeza, cheche moja tu ingetulipua wote.

Bosi akarudi anasonya. "Mtu kakosea namba, anamtaka Mama Kulwa."

Kama ni wewe, jitokeze hapa chini.

Na huyo Mama Kulwa, ulimpata?