Chungu cha Mbwa

Nilijua kumpikia mbwa mgonjwa kabla sijajua kumpikia mtu mgonjwa. Siyasemi haya kwa kujivuna. Watu wa kwetu Njombe walinicheka nikiwa mke kijana, na nikianza kusimulia leo wapo wanaocheka bado.

Mbwa alikuwa wa mume wangu. Alimlea tangu mdogo ili amfukuzie nguruwe pori shambani, lakini tumbo la mbwa yule halikutulia hata siku moja. Akila ugali, anautapika. Akila maharage, anaharisha damu. Mtu mwingine angempiga rungu yakaisha. Mume wangu alipoandikishwa umanamba kwenda kukata mkonge Tanga, wakati ule wa Mwingereza vijana wetu walipokuwa wakipakiwa kwenye malori pale Makambako, hakuniachia maneno mengi. Alisema, "Huyu mbwa asife kabla sijarudi." Kuhusu mimi hakusema kitu, na nilikuwa nimekaa naye mwaka mmoja tu.

Basi nikampikia, kwa hasira. Mama mkwe, mjane wa kanisani asiyependa mchezo, alikataa katakata.

"Kwenye mafiga yangu hapikiwi mbwa," alisema. "Mbwa hula makombo."

Makombo ndiyo yaliyokuwa yakimuua. Nikatafuta mawe matatu, nikayapanga nyuma ya nyumba chini ya upenu, nikachukua chungu kilichomeguka mdomo, nikawa nakoka kuni za miwati huko peke yangu kwenye ukungu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nilijifunza kwa kutazama alichotapika. Uji wa ulezi uliochekechwa vizuri ulikaa tumboni. Boga lililopondwa lilikaa. Supu ya kuku ilikaa, sharti niiache ipoe kwanza niengue mafuta yote. Chumvi ilikuwa sumu kwake. Ukitia kidogo tu, siku tatu hainuki. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda mtoni walinisalimu, "Kamwene, mpishi wa mbwa. Bwana mkubwa anakula nini leo?" Niliwajibu vibaya. Lakini mbwa hakufa. Hakunenepa, ila miaka miwili ilipita hakufa.

Kisha mchuuzi mmoja akaleta habari kwamba mume wangu ameshushwa Makambako na hawezi kutembea. Nilikwenda kwa miguu, siku mbili. Nilimkuta kwenye baraza ya duka, amejifunika blanketi, shingo imekuwa nyembamba hata nikadhani ni mzee wa watu. Nilipiga magoti nikamsalimu. Alikohoa kwanza, halafu akauliza, "Mbwa yupo?"

"Yupo," nikasema.

Alifumba macho akatabasamu. Nakiri kwamba nilimwonea wivu mbwa, pale pale, mbele ya mtu aliyekuwa hajiwezi.

Lori lililokuwa likienda Njombe lilitubeba. Hospitali ya misheni walisema ni kifua kikuu, kimeshakula sana. Alale penye hewa, ale vyakula laini vyenye nguvu, na vyombo vyake visichanganywe na vya wengine. Tulipofika nyumbani mama mkwe alisimama jikoni akivitazama vyungu vyake. Kisha akasema bila kuniangalia, "Mpikie kule nyuma."

Kule nyuma chungu kilikuwa kimoja. Nilikisugua kwa majivu na mchanga mpaka kucha zikauma. Mume wangu alikuwa amelala upenuni apate jua, akaniona tangu mwanzo hadi mwisho.

"Kumbe tumekuwa wawili," alisema, akacheka mpaka akakohoa damu.

Nikawa napika mara moja: ulezi, boga, supu. Nachota ya mbwa kwanza, ndipo naitia chumvi ya mume wangu na kumvunjia yai. Wiki ya pili akaniambia niache chumvi, inamchoma koo. Nikaacha. Nilitaka apone. Sikuwa na mtoto, na mwaka mmoja wa ndoa ulikuwa haujanitosha. Bakuli lake la bati lilirudi tupu kila mara, nami nililiosha nikiimba.

Mwezi ulipoisha niliona jambo ambalo sikulipenda. Mbwa alikuwa amenenepa. Mbavu zake zilifichika na manyoya yaling'aa, na mume wangu nilikuwa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Nilijibanza kwenye kona ya nyumba nikaangalia. Alikula vijiko viwili. Kisha akashusha bakuli chini, mbwa akalamba mpaka likaisha, yai na kila kitu. Ndipo nilipoelewa habari ya chumvi.

Nilitoka pale nikawaka. "Kuku wangu wote nimewachinja kwa ajili yako," nilimwambia, "kumbe nalisha mbwa?"

"Kwangu hakishuki, mke wangu," alisema. "Nikimwona yeye anakula, ndiyo na mimi nameza kidogo."

Sikutaka kusikia. Nilimfunga mbwa kamba nikampeleka kwa kaka yangu, ng'ambo ya mto. Niliwaeleza anachokula na asichokula. Waliitikia huku wakitazamana. Niliporudi nilipika chakula kizuri kuliko siku zote, nikaketi karibu na mume wangu nihakikishe kinaingia.

"Ondoa," alisema.

Siku sita alisema neno hilo moja. Hata vile vijiko viwili sikuviona tena. Siku ya sita mama mkwe alinifuata kwenye mafiga yangu, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

"Kamlete mbwa," alisema.

"Mama, atakula chakula chote."

"Kamlete."

Nilimkuta amelala kando ya kihenge, mkia umeganda damu. Walikuwa wamempa ugali na maharage kama mbwa wengine. Hakuweza kusimama, kwa hiyo nilimbeba mgongoni kwa kanga, mgongo ambao haukuwa umebeba mtoto bado. Nilikutana na wanawake wale wale njiani. Walinisalimu wakapita, na hakuna aliyeuliza bwana mkubwa anakula nini.

Baada ya hapo niliwapikia wote wawili bila ugomvi. Mmoja alikula vijiko viwili, mwingine akamaliza bakuli. Sikujibanza tena kwenye kona.

Mume wangu alifariki asubuhi, mahindi yakiwa yanachanua. Watu walipojaa ndani nilikumbuka chungu, nikatoka nyuma, nikakuta uji unaanza kuungua. Mbwa alikuwa ameketi pale anangoja. Nilichota kwenye bakuli la mume wangu, nikatia chumvi kwa makusudi, konzi nzima, nikaweka chini. Alinusa, akaniangalia, akala yote.

Alitapika mpaka jioni, akatapika na usiku wa matanga, watu wakisikia. Nilifurahi kidogo, na furaha hiyo inanitia aibu hadi leo. Kulipopambazuka nilifukia matapishi, nikasugua chungu kwa majivu, nikachekecha ulezi upya. Mama mkwe alikuja akasimama pembeni yangu, akachochea kuni.

"Usitie chumvi," alisema.

"Sitii, mama," nikamjibu.