Kikopo cha Bibi

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na robo alasiri, nesi alipoingia uwani kwetu, mtaa wa Gerezani. Niliikumbuka siku hiyo juzi nilipoona gari la kupima kifua kikuu limeegeshwa karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi.

Nilikuwa na miaka saba. Uwani palinuka dagaa na grisi ya gereji ya jirani. Bibi alikuwa anakohoa tangu mfungo wa Ramadhani. Nesi alimpa kikopo cheupe chenye kifuniko.

"Kesho ukiamka tu, bibi, kabla hujapiga mswaki, kohoa kutoka ndani kabisa utemee humu. Mate matupu siyataki."

"Miaka yote natema bure, kumbe yana wenyewe," Bibi akasema, na nesi akacheka.

Alipoondoka, Mama Salma wa chumba cha pili akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Wakimkuta na TB watamtenga huyo."

Nilielewa kwamba watamchukua. Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Baadaye shuleni nilijifunza kwamba dawa za TB ni za bure na angezimeza akiwa hapahapa nyumbani. Majibu yalisema hana kitu. Walipokuja kumpima tena, alikuwa ameshachelewa kutibika. Nilichofanya sijawahi kumwambia mtu, hata mama.

Asubuhi ile baada ya nesi kuja, Bibi alikohoa akatemea kwenye kikopo, akakiweka dirishani, akaenda kuoga. Nilikimwaga, nikakisuuza bombani mara mbili, nikatemea humo mate yangu, nikakaza kifuniko.