Nilidhani Ni Picha Zangu Zinawaka Jichoni

Naandika haya kwa ninyi mnaokaa kwa benchi ya kliniki ya macho, Kajiado. Sista, muuguzi wa hapa, ndiye aliniomba. Niliacha shule darasa la saba, kwa hivyo mtanivumilia. Lakini majina nitayataja.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, Kitengela. Mteja mmoja wa Isinya alitaka geti yenye maua, akanionyesha picha kwa simu. Ua lilikuwa limebeba maua madogo yanayofanana nalo, na hayo yamebeba mengine madogo zaidi. Ukiivuta picha uingie ndani, unakutana tena na lile la kwanza. Zinaitwa fraktali. Niliweka programu ya kuzichora kwa simu yangu nikaanza kutengeneza zangu. Unabadilisha namba moja tu, picha yote inageuka. Jumapili nzima nilikuwa nakaa nikiingia ndani, ndani zaidi, nikitafuta mahali hakuna mtu amewahi kuona. Mke wangu, Mama Faith, alikuwa ananiambia, "Hiyo picha haina mwisho, lakini hii chai inapoa."

Kisha jicho la kushoto likaanza kuwaka. Cheche, pembeni, hata nikifumba macho. Zilijikunja kama picha zangu. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilidhani nimeangalia fraktali mpaka zimenikaa kichwani, na moja nikajaribu kuitengeneza kwa simu. Siku nne nilizipoteza hivyo. Hilo kosa ni langu.

Siku ya tano nikaona masizi yakielea ndani ya jicho. Nikaenda kwa Mutua wa duka la dawa. Hata jicho lenyewe hakuliangalia. "Fundi, hayo ni macho ya kuchomelea. Weka haya matone, na viazi." Mafundi wote tunajua viazi. Ukichomwa na ule mwanga unalala na vipande vya viazi mbichi juu ya macho. Nililala navyo siku mbili. Lakini mwanga wa kuchomelea unauma kama mchanga, na jicho langu halikuuma hata kidogo. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Basi dawa inafanya kazi." Mutua, nakuongelea wewe.

Halafu likaja pazia. Lilianzia chini, upande wa pua, likapanda kama maji meusi yanajaa kwa glasi. Mama Faith akamwita kaka yake, Pasta Wycliffe, atuombee kabla ya kwenda hospitali. Wycliffe akachukua simu yangu, akaangalia zile picha muda mrefu. "Shemeji, hii ni mlango. Umemfungulia pepo." Akazifuta zote mbele yangu. Akaagiza tufunge na kuomba siku tatu. "Ukikimbilia daktari sasa, unamwambia Mungu hawezi." Nilikubali. Nilikuwa naogopa sana.

Siku ya tatu nilifunika jicho zuri nikamwangalia Mama Faith. Kitambaa cha kichwa nilikiona. Uso haukuwepo. Nikamwambia. Hakulia.

"Baba Faith, vaa viatu."

"Dada, bado hatujamaliza maombi," Wycliffe akasema.

"Malizia hapa. Sisi tunaenda Kajiado."

Daktari alinimulika macho yote mawili. Akaniambia nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba ndiyo inaona, na yangu imebanduka kama rangi kwa ukuta wenye unyevu. La kulia nalo lilikuwa na tundu, bado dogo.

"Ningekuja siku ya kwanza ya zile cheche?"

"Tungekuwa tunaongea juu ya macho mawili."

Nairobi waliziba tundu la kulia. Jicho la kushoto walilipasua, na wiki mbili nililala kifudifudi kama walivyoagiza, ndio ile ngozi ishike, mate yakitiririka kwa mto, uso umevimba, jicho likitoa usaha kila asubuhi. Haikusaidia. Leo kwa jicho hilo naona kivuli cha mkono, basi.

Namshukuru daktari. Namshukuru sista, ambaye hunijia upande wa kulia ndio asinishtue, akisema, "Supa," ile salamu ya Kimaasai. Na Mama Faith, huyo sina maneno yake.

Wycliffe alituletea kalenda ya kanisa lake. Kwa picha yake, nyuma ya mabega, kulikuwa na matawi ya buluu, moja ndani ya lingine. Ilikuwa fraktali yangu, nilijua namba zake zote. Kumbe alijitumia moja kabla ya kufuta.

"Pasta, huyu pepo mlimtoa lini?"

"Ah, shemeji, hayo ni maua tu!"

Nilimwambia asogee kulia, huko kwingine simwoni. Alipoenda nikachukua mkasi nikakata uso wake. Kilichobaki nimekitundika ukutani. Ndiyo picha pekee iliyobaki ya zile nilizotengeneza nikiwa na macho mawili.

Siku hizi natengeneza zingine, na jicho moja. Ni nzuri. Si kama zile.

Wewe ukiona cheche, ama masizi, ama pazia, na hakuna mahali panauma, usiulize Mutua. Usingoje Wycliffe. Usijiambie ni kitu kizuri, kama mimi. Vaa viatu.