Mkono wa Mzee Dedan na Woofa ya Kaskazini

Kwa miaka ishirini na tisa, Mzee Dedan aliwapandisha na kuwateremsha watu. Ndiyo kazi aliyoifanya katika jumba moja la ghorofa nane katikati ya Nairobi, ndani ya lifti ya kizamani yenye mlango wa kukunja na mkono wa shaba. Ukiusukuma mkono ule kulia, lifti ilipanda. Kushoto, ilishuka. Ugumu ulikuwa katika kuisimamisha sawasawa na sakafu. Waendeshaji wengine waliwaachia abiria ngazi ya kuruka au shimo la kutumbukia, lakini Mzee Dedan hakukosea hata kwa unene wa daftari. Hata hivyo kila alipofika chini alitangaza, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari: "Ya chini kabisa. Angalieni hatua mnaposhuka."

Kisha ikaletwa lifti ya vibonye, naye akastaafishwa. Tangu siku hiyo alivichukia vibonye vyote, vya kengele, vya simu na vya rimoti. Alituambia sisi majirani zake wa mtaa wa Woodley kwamba kibonye hakina adabu, maana humtumikia yeyote anayekigusa, hata asiyejua anakokwenda.

Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Kilimwachia akili yake yote na ulimi wake wote, ila mkono wa kulia ukawa unainuka hadi kifuani tu, na vidole vyake vikakataa amri. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, lakini ulikuwa na kazi ya kushika mkongojo, na kwa macho yake vibonye vya rimoti vilikuwa kama mtama uliomwagika. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Mama mmoja alikuwa akija kila siku kumpikia na kumfulia, na kuondoka saa tisa alasiri. Baada ya hapo Mzee alibaki na kiti chake, runinga yake, na redio iliyounganishwa na woofa, spika kubwa ya mdundo aliyonunuliwa na mwanawe Dan.

Siku moja binti yake Muthoni alipita kumwona baada ya kazi. Alimkuta ameketi gizani, taa haijawashwa, runinga ikionyesha katuni za watoto kwa sauti ya juu. Mzee alijitetea kwamba alikuwa akipumzisha macho. Muthoni alimuuliza kama masikio nayo yalikuwa yakipumzika. Mzee alikiri kwamba yule panya wa katuni si mjinga.

Muthoni ni mkuu wa wafanyakazi katika kampuni moja, na akishaamua jambo huwa limekwisha. Aliamua kwamba baba yake atahamia kwake mtaa wa Kilimani mwisho wa mwezi, kwenye nyumba yake ya ghorofa ya tisa, ambako kuna chumba, kuna msaidizi wa kudumu na kuna lifti.

"Lifti hiyo inaendeshwa na nani?" Mzee aliuliza.

"Haiendeshwi na mtu, Baba. Inajiendesha."

"Kwa hivyo ikikwama hakuna wa kulaumiwa."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mzee aliishi katika nyumba ile tangu Muthoni akiwa mgongoni, na alisema wazi kwamba akitolewa humo ataishi, lakini hatakuwa anaishi kwake. Mwishowe wakaafikiana. Jumapili ya pili kutoka siku hiyo familia ingekutana Woodley baada ya kanisa. Kama Mzee angeweza kuwasha na kuzima taa, runinga na redio mwenyewe, bila kuita mtu, angebaki. Kama hangeweza, angefunga mizigo.

Kesho yake asubuhi Mzee alimtuma yule mama wa kupika amwite fundi Kitavi.

Kitavi anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee, pamoja na mkewe Kasyoka. Ana kibanda cha kutengeneza runinga na redio Barabara ya Luthuli, na ni mtu ambaye hawezi kukutajia saa bila kukueleza saa hutengenezwa vipi. Alisikiliza tatizo la Mzee, akatoa mfukoni simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na somo likaanza. Alieleza kwamba ndani ya kila simu ya kisasa kuna vidude vidogo kuliko punje ya mchele. Kimoja hujua simu imeinama au imeinuka kiasi gani. Kingine ni dira, nacho hujua simu inaelekea upande gani wa dunia. Kinachobaki ni kuifundisha simu kwamba taa iko mashariki, redio na woofa viko kaskazini, na runinga iko magharibi. Halafu kisanduku cheupe kingewekwa juu ya kabati, kipokee habari kutoka kwa simu na kufanya kazi ya rimoti zote na ya swichi ya taa.

"Na kibonye cha kubonyeza kiko wapi?" Mzee aliuliza kwa mashaka.

"Hakuna kibonye, Mzee. Unaelekeza mkono kwenye kitu. Simu ikitetemeka, ujue imekielewa. Ukiinua mkono, kitu kinawaka na sauti inapanda. Ukiushusha, sauti inashuka hadi kitu kinazima."

Mzee Dedan aliuinua mkono wake wa kulia hadi kifuani, akaushusha. Kisha akasema polepole, "Fundi, hiyo ni lifti."

"Ni lifti, Mzee."

"Miaka yote hii nakuona unabeba redio za watu, nikidhani huna akili."

Kitavi alishona mkanda wa kitambaa, akaifunga simu kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa Mzee. Siku ya kwanza taa ilitii. Runinga ilitii. Redio ilikataa kabisa. Mzee alielekeza mkono kwenye woofa, na runinga ikazimika. Kitavi alichunguza hadi chakula cha mchana ndipo akagundua kosa. Ndani ya woofa mna sumaku kubwa kama sahani, na sumaku ile iliivuta dira hadi simu ikaamini kwamba kaskazini iko jikoni. Dawa yake ilikuwa kuisogeza woofa nyuma kidogo, na kila asubuhi kuizungusha simu hewani kwa umbo la namba nane ili dira ikumbuke dunia ilivyo.

Basi kila asubuhi Mzee Dedan alitoka barazani, akasimama kwa mkongojo, akaandika namba nane hewani kwa mkono wake mgonjwa, kwa utulivu mkubwa, mara kumi. Siku za kwanza nane zake zilikuwa ndogo na zimelala. Aliendelea.

Asubuhi ya nne, Mama Maina wa nyumba ya mkabala alimwona kupitia dirisha lake. Alitazama kwa dakika kadhaa, akaweka sufuria chini, akampigia Muthoni simu. Baadaye alitusimulia kwamba hakutaka kumtia hofu, kwa hivyo alichagua maneno yake vizuri. Alimwambia, "Mama, usishtuke. Baba yako anaandikia malaika barua."

Muthoni alifika kwa teksi baada ya dakika ishirini, akiwa na viatu vya ofisi na kitambulisho cha kazi shingoni. Alimkuta baba yake kwenye nane ya sita. Alimshika bega, akamtazama machoni, akamwamuru atabasamu ili aone kama mdomo umepinda upande.

"Nitabasamu kwa sababu gani?" Mzee aliuliza. "Umenipotezea hesabu."

Kitavi aliitwa kueleza, na alieleza kwa kirefu, kuanzia sumaku ya dunia. Muthoni hakutulia. Alisema mzee wa miaka sabini na sita hatakiwi kupunga mkono hewani barazani ili asikilize redio. Ahadi ya Jumapili aliiheshimu, lakini aliongeza sharti: akiona jambo la ajabu tena, hata moja, watafunga mizigo siku hiyo hiyo. Kisha akarudi kazini.

Kuanzia hapo Mzee alifanyia mazoezi ndani, pazia likiwa limefungwa. Kitavi alipita kila jioni kumpima. Aliripoti kwamba Mzee sasa aliweza kupandisha sauti ya habari hadi mahali hasa alipopataka, na kuiacha hapo bila kuyumba. Kilichomsumbua fundi ni kwamba kila alipozima kitu, Mzee alitangaza ghorofa.

Jumapili ikafika. Muthoni alikuja na mumewe, Dan alikuja kutoka mtaa wa Karen na mkewe Ciru, na Kitavi na Kasyoka walialikwa kama mashahidi. Walikula wali, kuku na mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa. Kitavi, kwa kutaka kuonyesha kwamba hakuna udanganyifu, alikusanya rimoti zote mbele ya watu, akampa Kasyoka azifungie nyumbani kwao. Kasyoka alizipeleka, akarudi akiwa amevaa ufunguo shingoni. Muthoni aliweka mikono mapajani kama mtu wa kusahihisha mtihani.

"Haya, Baba. Anza."

"Hatuanzi bila baraka," Mzee akajibu.

Hapo hakuna aliyeweza kumpinga. Mzee Dedan ni mzee wa kanisa tangu zamani, lakini akiibariki familia yake hufanya kama baba yake alivyomfundisha. Husimama akielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya ulioko kaskazini, akainua mikono yote miwili, akaomba. Kila anapotaja jambo, waliopo huitikia kwa neno moja la Kikikuyu, thaai, yaani amani. Na mikono ile, ikishainuliwa, haishushwi hadi thaai ya mwisho iitikiwe. Hilo kila mtu chumbani alilijua.

Mzee aliegemeza miguu kwenye kiti chake, akamkabidhi Dan mkongojo, akafumba macho, akaelekea kaskazini. Kitavi alimwangalia. Aliangalia woofa. Aliangalia simu iliyofungwa mkononi, ikitetemeka kwa furaha. Mgeni hamwambii mzee wa watu ashushe mikono aliyomwinulia Mungu.

Mikono ikapanda.

"Mungu wa baba zetu, uwaangalie watoto hawa," Mzee akasema.

"Thaai," wakaitikia.

"Uwape kile wanachokihitaji."

"Dawa ya minyoo ya ng'ombe," redio ikasema, "sasa katika chupa ya lita moja."

Dan alifumbua jicho moja. Mzee, anayeamini kwamba kelele wakati wa maombi ni majaribu, hakufumbua lolote. Aliongeza sauti ili asikike, na kwa kawaida ya mwanadamu, sauti ilipopanda mikono nayo ikapanda. Woofa ikapanda pamoja nayo. Vikombe vikaanza kutembea kabatini. Mzee aliomba nyumba ya Dan ijae. Redio ikaahidi kwamba minyoo yote itatoka ndani ya siku tatu. Waliopo waliitikia thaai kwa kupiga kelele, bila kujua tena wanaunga mkono ahadi ipi.

Ciru alitafuta rimoti. Kasyoka alimwonyesha ufunguo kwa huzuni. Dan alinyemelea ukutani na kuchomoa waya wa kwanza aliouona, na friji ikanyamaza. Mume wa Muthoni alikumbatia woofa kwa mto. Mlangoni Mama Maina alikuwa amefika kuuliza kama kuna mnada.

Muthoni peke yake hakusogea. Kitavi alidhani amekasirika, akaanza kutunga hotuba ya kujitetea. Lakini Muthoni hakuwa akitazama woofa. Alikuwa akitazama mkono wa kulia wa baba yake. Ulikuwa juu ya kichwa, umenyooka, sawa na wa kushoto. Kwa mwaka mzima alikuwa ameuona ukiishia kifuani.

Mzee hakufupisha lolote. Aliwaombea wajukuu, akaiombea mvua, akamwombea fundi Kitavi apate hekima ya kupunguza maneno. Alisema thaai ya mwisho, na nyumba nzima ikaitikia. Ndipo akaanza kuishusha mikono, polepole, macho bado yamefumbwa. Sauti ikashuka nayo bila kuruka. Ilikuwa kishindo, ikawa mazungumzo, ikawa mnong'ono. Mkono ulipofika pajani redio ilizimika, kimya kikatua sawasawa na sakafu.

"Ya chini kabisa," Mzee akasema. "Angalieni hatua mnaposhuka."

Muthoni alicheka hadi akalazimika kuvua miwani. Alipokuwa mtoto alipanda lifti ile kila likizo, akisimama karibu na goti la baba yake, na maneno yale alikuwa hajayasikia tangu lifti ile ing'olewe. Alipomaliza kucheka alivaa miwani tena, kisha akauliza kwa sauti ya kikazi, "Na taa?"

Mzee alielekeza mkono mashariki. Taa ikawaka. Alielekeza magharibi, na runinga ikawaka, ikiwa na yule panya.

"Nilisema nikiona jambo la ajabu tena, tunafunga mizigo," Muthoni alisema.

"Ulisema."

"Hilo sikulitegemea liwe la aina hii." Akamgeukia nduguye. "Dan, rudisha friji. Nyama isiharibike, Baba ataila hapa hapa wiki nzima."

Mzee aliketi. Hakusema asante, maana kwa maoni yake hakuna aliyempa kitu ambacho hakikuwa chake. Lakini alimwambia binti yake achukue kipande cha mwisho cha kuku, na katika nyumba ile hilo si jambo dogo.

Siku ya pili Kitavi alirudi na vifaa vyake. Kirinyaga hauhamishwi, kwa hivyo woofa ndiyo iliyohama. Sasa iko kusini, na kaskazini kumebaki ukuta mtupu wenye kalenda ya kanisa. Muthoni huja kila Jumatano, na Mama Maina amekatazwa kupiga simu kabla ya nane ya kumi kuisha.

Wiki iliyopita Muthoni alimuuliza tena, kwa utani, kama hatawahi kuja kulala Kilimani hata siku moja. Mzee alikuwa amemaliza maombi yake ya asubuhi, mkono wake wa kulia ungali hewani. Aliuelekeza ukutani, juu ya kalenda, upande ambao ukitoka Woodley na kunyoosha unavuka Barabara ya Ngong, unaingia Kilimani, na kuendelea hadi mlimani.

"Nakuja kila asubuhi," alisema. "Nikienda Kirinyaga nawapitia nyinyi njiani. Na sitaki lifti."