Mbwa Aliyehamia kwa Mama Mkwe

Mbwa huyo nilimlea mwenyewe tangu akiwa mdogo wa kutosha ndani ya kiatu cha gambuti. Nilimnywesha maziwa kwa kijiko, na alipokua, kila jioni nikirudi kutoka kazini Thika alinipokea kwenye geti letu la mabati pale Kimbo akitingisha mwili mzima. Kisha mama wa mume wangu akatoka kwake Mugutha kuja kukaa nasi, baada ya kupasuliwa jicho.

Alikuwa mama mpole, hakunikosea lolote. Alikaa tu kwenye stuli nje ya jikoni akiota jua. Lakini hata wiki mbili hazikuisha kabla mbwa hajahamia miguuni pake. Mimi nikiingia, alinitazama, halafu akarudisha kichwa juu ya viatu vya yule mama. Nikaanza kupitia buchari kumnunulia mifupa. Alikula yote, akajiramba, akarudi kwa mama mkwe. Usinicheke. Nilikuwa mtu mzima, na nilikuwa nikimwonea wivu mama mkwe kwa sababu ya mbwa.

Jumapili moja baada ya kanisa nilichuchumaa nikamkuna sikio, kama nilivyozoea. Alinguruma, na kabla sijaondoa mkono, meno yalikuwa yameshazama kwenye kiganja.

Jirani alipiga kelele kwamba ni kichaa, apewe sumu. Mume wangu alinikimbiza hospitali Thika, nikasafishwa kidonda na kuanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa. Tuliporudi, mbwa alikuwa amefungwa kwa kamba, na mama mkwe amekaa kando yake bila wasiwasi wowote.

“Auawe,” nikasema.

Mume wangu alishangaa. “Wewe ndiye unasema hivyo?”

Kichaa nilikiogopa, ndiyo. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba mama mkwe hakuwahi kungurumiwa.

“Ngoja, msichana wangu,” mama mkwe akasema. “Mbwa hageuki hivi bure. Kuna mahali panamuuma. Siku hizi anabeba kichwa upande.”

“Mbona wewe hakuumi, Mami?”

“Mimi simgusi. Anakuja mwenyewe, namwacha alale.”

Kesho yake daktari wa mifugo alikuja kutoka Ruiru. Alimfunga mdomo kwa kipande cha leso, akamulika sikio kwa tochi. Ndani kulikuwa na mbegu ya nyasi yenye miiba, na usaha mwingi. Alisema haelekei kuwa na kichaa, ila tumfungie tumwangalie kwa siku kumi, nami nisikatize sindano. Akatuachia dawa ya matone. Badala ya kushukuru, nilikasirika: wiki zote hizo nilikuwa nikipima mapenzi yake kwa mkia, na mwanamke mwenye jicho moja bovu ndiye aliyeona kichwa kimelala upande.

Kila asubuhi mama mkwe alimshika mbwa kichwa, mimi nikadondosha dawa, mkono wangu ukiwa kwenye bendeji. Siku ya tatu nilimwambia ukweli. “Mami, nilitaka auawe kwa sababu alikupenda wewe.”

“Nilijua,” akasema. “Dondosha, anachoka.”

Siku kumi zikapita salama. Mama mkwe alipopona jicho akarudi Mugutha. Mbwa alikaa getini siku mbili bila kula. Siku ya tatu nilimfunga kamba, nikatembea naye hadi kwa mama mkwe, nikamwachia. Njiani kurudi nililia, na bado sikuacha kuona wivu.