Trekta Lililokata Pumzi Usinge

Siku ya kwanza kuingia karakana ya matrekta pale Tabora, nilikuja na elimu ya darasa la saba na spana moja ya kuazima. Fundi Mkuu aliitazama ile spana, akaichukua, akaifungia kabatini.

"Wiki hii hushiki chuma," akasema. "Utasikiliza na kunusa. Trekta halisemi uongo. Fundi ndiye anayesema uongo akishindwa kulielewa."

Wiki nzima nilisimama mikono nyuma kama mtu aliyekuja kuposa. Nikajifunza moshi. Ukiwa mweusi, injini inakosa hewa. Katazame chujio kabla hujamtukana dereva. Wa bluu, inakula oili. Mweupe huku injini inakohoa, dizeli inapita bila kuungua. Ninyi mnaoanza kazi leo mna vifaa vya kuwasomea hayo. Sisi tulikuwa na pua.

Kutoka hapo nilipelekwa Igunga, ambako tope la majaruba ya mpunga lilitumalizia klachi, kisha Urambo, chini ya Msimamizi wa Kituo, bwana mwenye haraka ambaye sikuwahi kumwona akimaliza chai yake. Yeye ndiye aliyenituma Usinge kwa Mzee Masanja, mrina asali aliyekuwa ameanza kulima tumbaku. Trekta lake dogo, la mkopo wa kituo, lilikuwa kuukuu tayari wakati huo. Lilikuwa likilima mistari miwili, linazima, na majirani wote walikuwa wakilingojea kwa zamu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha.

"Jumamosi lori linapita," Msimamizi alisema. "Kama halijapona, lipakie. Tutalifanya vipuri."

Nilifika Jumatano. Nikatoa upepo, maana hewa ikiingia kwenye njia ya dizeli injini haiwaki: unalegeza skrubu pale kwenye chujio, unaacha povu litoke mpaka yaje mafuta matupu. Likawaka, nikatamba. Baada ya robo saa, kimya. Nikafungua tangi, nikatumbukiza kijiti: dizeli tele. Nikarudia yote. Likawaka, likazima. Alhamisi jioni nikatangaza mbele ya watu kwamba ni pampu. Sikuwa na uhakika. Nilisema kwa sababu walikuwa wakinitazama.

Ijumaa asubuhi pampu ilikuwa imetapakaa vipande vipande juu ya gunia, na binti wa Mzee, Nyamizi, akaniletea uji.

"Fundi, nikiuliza utakasirika?"

"Uliza tu."

"Mbona likizima, ukifungua kile kifuniko, tangi linavuta pumzi? Fyuu, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo."

"Hiyo ni kelele tu, dada."

"Haya. Lakini ukishafungua ndipo linawaka. Jana jioni hukufungua, ulikimbilia pampu. Liliwaka?"

Halikuwaka.

Nikaweka bakuli chini, nikakigeuza kifuniko. Kina katundu, kembamba kama ka sindano, ka kuingiza hewa kadiri dizeli inavyopungua. Kakizibwa, mafuta yanagoma kushuka. Haka kalikuwa kamezibwa vizuri kabisa, kwa nta ya nyuki.

Mzee Masanja hakuona aibu hata kidogo. "Nimeziba mimi. Kila asubuhi nakagua, ikitoka naongeza. Mzinga ukipata ufa, unauacha? Vumbi lingeingia."

"Mzee, huu si mzinga."

"Ungekuwa mzinga, nyuki wangekwambia mapema. Wewe umekaa siku tatu!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, sikuwa na pa kujificha. Nikatoboa nta kwa mwiba. Kazi ngumu ikawa kuirudisha pampu ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Jumamosi lori lilipofika, trekta lilikuwa shambani kwa jirani wa tatu. Dereva akaondoka na chupa ya asali.

Niliporudi Urambo, Msimamizi akaniuliza, "Ilikuwa pampu?"

"Hapana, mzee. Nilikosea. Ni tundu la kifuniko. Na si mimi niliyegundua, ni binti wa mwenye shamba."

Akaweka kikombe mezani. "Basi nilimtuma mtu siye. Kamlete huyo."

Nilimleta, ila si karakanani. Mshenga wangu alikwenda Usinge mara nne, na kila mara Mzee Masanja alimjibu kwamba hamwozi bintiye kwa fundi kiziwi. Mara ya tano alikubali.

Nimestaafu sasa. Nyamizi alitangulia kabla ya mvua za mwaka jana. Asubuhi bado namimina chai vikombe viwili.

Msimu huu kaka yake, Shija, alinipigia simu. "Shemeji, trekta la baba limezima shambani. Vijana wanasema ni pampu."

Nilicheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Nikapanda basi. Nilipofika, gunia lilikuwa limeshatandikwa chini.

"Shikamoo, mzee," vijana wakasema. "Tulete spana gani?"

"Marahaba. Leteni masikio."

Nikafungua kifuniko taratibu.

Fyuu.

Nyigu alikuwa amejenga kwa udongo juu ya lile tundu. Nikaubandua udongo kwa mwiba, tukatoa upepo, likawaka, na Shija akapiga kigelegele kama mwanamke.

"Shemeji bado fundi!"

"Fundi ni dada yako," nikamwambia.

"Na wewe je?"

"Mimi nilibeba spana."